Kabla ya kulaumu mtaro, funua pipa lako

Ikiwa unaishi upande wa bara wa Mombasa, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, sina shaka nyumbani kwako mna pipa. Huenda ni pipa la plastiki la buluu la lita 200, huenda ni tangi jeusi juu ya paa, au ni mitungi kumi ya lita 20 iliyopangwa ukutani karibu na mlango wa jikoni. Sikuulizi kama una mfereji. Mifereji wengi wetu tunayo. Maji ya kupita ndani yake ndiyo haba. Leo nataka tuzungumze juu ya pipa hilo, kwa sababu katika majuma matano yaliyopita nimekutana nalo kila nilikokwenda, na aghalabu palikuwa na mtu mwenye homa hatua chache kando yake.

Nianze na Mtongwe, ninakoishi. Nyumba ya tatu kutoka kwangu yuko mama wa makamo anayepika mahamri na mbaazi. Mtaa mzima unamtegemea asubuhi, na siku asipopika watoto huenda shule wakinung'unika. Jumatatu moja karai halikuwekwa motoni. Jumanne vivyo hivyo. Nikaenda kupiga hodi.

"Karibu mwanangu," aliitika kutoka ndani. "Malaria ya safari hii imeniingia mifupani."

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, vifundo vya miguu vimefura, vidole vya mikono havikunjiki. Kukanda unga hawezi, hata kifungo cha gauni alifungiwa na bintiye. Dawa ya malaria ya siku tatu alikuwa amekwisha kuimeza yote. Nilipomuuliza nani aliyempima, aliniangalia kama niliyeuliza kichekesho. Apimwe nini, na homa anaijua? Alimtuma mtoto dukani, mtoto akasema "mama ana homa", dawa ikaletwa.

Nikaomba kuliona pipa lake. Hapo alikasirika kidogo, na ninamwelewa, maana kwetu pwani kumuuliza mtu habari za usafi wa maji yake ni kama kumuuliza kama ameoga. Pipa lilikuwa safi, nje linang'aa. Ndani mlikuwa na maji matamu ya kununua, si ya kisima. Tulipofunua kifuniko, kilichokuwa na ufa mkubwa upande mmoja, tukaviona: viluwiluwi kadhaa vyembamba vinaning'inia kichwa chini miguu juu, na mara mwangaza ulipovipiga vikajinyonganyonga kuelekea chini.

"Hao ni wadudu wa maji tu," alisema. "Huwachuja kwa kitambaa nikapikia."

Hao, msomaji, si wadudu wa maji. Ni watoto wa mbu, na si wa yule mbu tuliyezoea kumlaumu. Mbu wa malaria huuma usiku, na hupenda kuzalia katika vidimbwi vilivyo wazi. Huyu wa pipani, ambaye wataalamu humwita Aedes aegypti, ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea jioni. Hana haja na mtaro unaonuka. Hupenda maji yaliyotulia, yaliyo safi, yaliyo kivulini, karibu na watu. Kwa maneno mengine, yale maji uliyoyalipia. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua kama siku saba hadi kumi katika joto letu hili, na akisharuka haendi mbali. Akikuuma wewe, uwezekano mkubwa ni kwamba alizaliwa kwako au kwa jirani yako.

Juzi nikiwa katika foleni ya kivuko, saa kumi na moja jioni, nilimwona bwana mmoja aliyevaa kaptura akijipiga makofi ya miguu huku akimweleza mwenzake kwa fahari kwamba nyumbani kwake kila kitanda kina chandarua. Vizuri sana. Chandarua kimeokoa maisha ya watoto wengi na usithubutu kukiacha. Lakini nani analala ndani ya chandarua saa kumi na moja jioni, akiwa foleni ya feri?

Mbu huyu hubeba homa mbili zinazotuhusu sana: dengi, ambayo kwa Kiswahili ni kidinga popo, na chikungunya. Si wageni kwetu. Daktari mmoja wa Uskochi, James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja, aliandika habari za homa iliyoenea kisiwani mwaka 1870, na akataja kwamba wazee walikumbuka ugonjwa kama huo uliopita hapo karibu nusu karne kabla. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari, kidinga pepo. Wapo wataalamu waliosoma maandishi yake baadaye wakasema kwamba, kwa jinsi wagonjwa walivyoumwa viungo, huenda kwa hakika ilikuwa ni chikungunya. Hilo nalo ni neno la kwetu Afrika Mashariki: ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, na lilishika baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Mtu aliyemwona jirani yangu akitoka kitandani kwa kushika ukuta hahitaji kutafsiriwa neno hilo.

Dengi ilitambuliwa Malindi mwaka 1982. Ilitupiga Mombasa mwaka 2013, ikarudi mwaka 2017, na mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja chikungunya iliyoingia hadi mwaka 2018. Lakini mwaka ninaotaka uukumbuke ni 2004, na mahali ni Lamu. Chikungunya ilizuka huko, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ukaonekana Komoro mwaka 2005, ukafika kisiwa cha Réunion, ukavuka hadi India. Sasa, je, Lamu kulikuwa na mafuriko? La hasha. Kulikuwa na ukame. Watafiti waliofuatilia jambo hilo waliona kwamba ukame na joto huenda ndivyo vilivyouchochea mlipuko, kwa kuwa watu walihifadhi maji majumbani kwa muda mrefu bila vyombo kumwagwa na kujazwa upya. Sisi huku bara hatungoji ukame. Mfereji ukikauka majuma mawili, ukame tunao hata mvua ya masika ikinyesha juu ya bati.

Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu nimechoka kusikia wakazi wakiambiwa kwamba ni wachafu. Mwanamke wa Likoni haweki maji kwa mapenzi yake. Visima vyetu vingi vina chumvi, na vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo vina mambo mengine mabaya zaidi ya chumvi. Maji matamu hutujia kutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambazo bomba lake lilijengwa katika miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba hizo mji umezishinda zamani. Bwawa la Mwache tumelisikia miaka nenda miaka rudi. Basi mtu hununua kwa mkokoteni. Mtungi wa lita 20 mimi huuziwa shilingi 30 siku za neema, na 50 mfereji unapokauka juma zima. Maji ya kisima huchotwa leo yakafulia leo. Matamu, kwa kuwa ni ghali, hutunzwa, hupimwa kwa kikombe, hukaa. Na mbu hutaka yanayokaa.

Jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, lilitokea Mikindani.

Kaka yangu anakaa huko na mkewe na watoto watatu. Mtoto wa pili ni msichana wa miaka 11, mwenye maneno mengi, anayeweza kukusimulia sinema nzima mkiwa ndani ya matatu. Jumatano alirudishwa kutoka shule ana homa kali, kichwa kinamgonga, macho yanamuuma kwa nyuma. Mama yake alimpeleka duka la dawa lililo karibu na stendi. Hakuna kidole kilichochomwa, hakuna tone la damu lililotazamwa. Alipewa dawa ya malaria, na kwa kuwa alilia sana na maumivu, akadungwa sindano ya kutuliza maumivu, ya jamii ile ya diklofenaki.

Jumamosi nilipofika, nyumba ilikuwa na furaha. Homa ilikuwa imeshuka usiku. Wali wa nazi ulikuwa jikoni na redio inaimba. Lakini mtoto alikuwa amejikunja kwenye mkeka, hataki kusemeshwa. Tumbo lilikuwa likimuuma. Alikuwa ametapika mara nne tangu alfajiri, na alipopiga mswaki mate yalitoka na damu. Shemeji alisema ni mswaki mgumu. Nilimwambia kaka, tusingoje wali uive. Tulikodi tuk-tuk, na kwa yale mashimo ya barabara kila ruko mtoto alishika tumbo.

Hospitalini alipimwa malaria: hana. Alipimwa dengi: anayo. Chembe zinazosaidia damu kuganda zilikuwa zimeshuka vibaya. Alitundikiwa maji, akawa anapimwa damu asubuhi na jioni. Usiku wa kwanza kaka yangu, mtu mzima wa miaka 40 anayebeba magunia Kipevu, alikaa kwenye benchi la nje akihesabu vigae vya sakafu. Siku ya nne mtoto aliomba viazi vya karai na ukwaju, na muuguzi akacheka, akasema huyu sasa anaenda nyumbani. Alikwenda siku iliyofuata.

Katika dengi, saa za hatari mara nyingi huja homa inaposhuka, wakati ule ule familia inaposhukuru na kuzima taa ya wasiwasi. Kwa hiyo ushike jambo hili: mgonjwa ambaye homa imemshuka lakini tumbo linamuuma sana, anatapika bila kukoma, anatoka damu puani au kwenye ufizi, analegea au anahangaika, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje kesho. Na maadamu hujajua homa ni ya nini, maumivu yatulizwe kwa paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, na maji ya kunywa kwa wingi. Aspirini, ibuprofeni na sindano za diklofenaki zikae mbali, kwa kuwa zinaweza kumzidishia kutoka damu. Dawa ya kuua virusi vya dengi au vya chikungunya hakuna; kazi ni kumtunza mgonjwa na kumchunga.

Je, nimlaumu mwenye duka? Nilimuuliza mwenye duka mwingine, wa Kisauni, ambaye ninamfahamu kuwa mtu wa haki. Alinijibu bila kuzunguka. Mteja anakuja na shilingi 200 mkononi. Ukimwambia atoe kwanza za kipimo, anaona unamla fedha zake. Atavuka barabara kwa mwenzako, na mwenzako atampa dawa bila swali. "Ndugu yangu, watu hawanunui kujua. Wananunua kupona," alisema.

Ni jibu la mfanyabiashara na lina ukweli ndani yake, lakini silikubali. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20, muda wa kungoja chai ipoe. Duka linalouza dawa ya malaria lisilouza kipimo chake linauza nusu ya bidhaa. Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu: tumelifanya neno malaria kuwa jina la kila homa. Ikishindikana kuwa malaria, tunasema ni taifodi, na kuna mahali utapewa jibu la taifodi kwa kipimo kimoja cha damu ambacho peke yake hakitoshi kuthibitisha kitu. Ugonjwa halisi unapita katikati, hauandikwi popote, na wakubwa wa afya wanatazama daftari na kuona malaria tele, dengi hakuna.

Usinielewe vibaya. Malaria ingalipo pwani na ingali inaua watoto. Ndiyo maana nasema upime, wala sisemi upuuze. Aliye nayo apate dawa yake upesi. Asiye nayo asijazwe dawa isiyo yake huku saa zake zikipotea.

Juma lililofuata nilikuwa Mjambere, Kisauni, kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu. Wanaume tulikuwa tumeketi nje kwenye viti vya kukodi tukingoja biriani, na maneno yakageukia homa, kwa kuwa bwana harusi mwenyewe alikuwa amepona siku chache tu na bado anachechemea. Mzee mmoja alishikilia kwamba serikali ya kaunti ilete mashine ya moshi ipulize mtaa wote, kama zamani. Wengi wakaitikia. Moshi una sifa yake: unaonekana, unanuka, watoto wanaukimbilia, mwanasiasa anapigwa picha. Huua mbu waliokuwa wakiruka saa hiyo. Viluwiluwi ndani ya pipa lililo jikoni haviwagusi, na baada ya siku chache kizazi kipya kinatoka. Wakati wa mlipuko una faida yake. Kuutegemea peke yake ni kupangusa sakafu na bomba linavuja.

Tulipokuwa tukizungumza, nyuma ya hema la harusi nilihesabu vifuu vya nazi zilizokunwa kwa ajili ya karamu, vimetupwa kifudifudi na kichalichali. Vile vya kichalichali vilikuwa na maji ya mvua ya juzi. Pembeni palikuwa na tairi mbili kuukuu. Nilivigeuza vifuu kwa mguu na watoto wakafikiri ni mchezo, wakavimaliza vyote. Tairi tulizitoboa kwa msumari wa moto. Kwa mafundi wa pancha wa Magongo, ambako tairi hurundikwa kando ya barabara kama ngome, hilo ni shauri la kupelekewa kwa heshima, pamoja na turubai la kufunikia.

Ama pipa lenyewe, kulimwaga tu hakutoshi, na hapa ndipo watu wengi wenye bidii wanapokosa matunda ya bidii yao. Mbu jike hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji yanapoishia. Mayai hayo hugandamana na plastiki na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Ukimwaga maji leo ukajaza mapya kesho, umeyaamsha. Basi kila juma, maji yakishapungua, chukua brashi ngumu au kumbi la nazi na sabuni, usugue kuta za ndani, hasa pale penye alama ya maji, kisha usuuze. Kifuniko kiwe kinakaza. Kikiwa na ufa, funga kitambaa kizito cha kukaza juu ya mdomo kwa mpira au kamba. Kanga kuukuu inafaa. Tangi la juu ya paa lina tundu la hewa ambalo watu hulisahau, liwekewe wavu.

Jirani yangu wa Mtongwe aliposikia habari ya kusugua kila juma aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Mwanangu, nikimwaga maji ya shilingi mia mbili Jumatatu ili nisugue pipa, nani ananiambia mfereji utatoka Jumanne?"

Hakuna anayemwambia. Maji huja saa nane za usiku, huja siku ya arusi, huja wakati umesafiri. Kwa hiyo mtu hathubutu kuacha pipa tupu hata saa moja. Ombi langu kwa mamlaka inayotugawia maji ni dogo kuliko bwawa. Tupeni ratiba ya mgawo, mtaa kwa mtaa: Chaani siku fulani, Shika Adabu siku fulani, Mtopanga siku fulani, na mkishindwa kuifuata mtutangazie mapema kwa redio na kwa vipaza sauti vya misikiti na makanisa. Mtu akijua kwamba maji yake yatatoka Jumatano, Jumanne jioni pipa litakuwa limepinduliwa uani, brashi ndani yake. Umwonapo mwakilishi wako wa wadi, usimuulize habari za moshi. Muulize kama anayo ratiba hiyo, na kama hana, lini ataileta.